Mtu wa Besi

Nikiwaambia wajukuu kwamba serikali ya Mwingereza iliwahi kunilipa mshahara kwa kupuliza tarumbeta, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mmoja aliniuliza kama kulikuwa na mshahara wa kupiga miluzi pia. Nami hucheka nao, maana mzee asiyecheka na wajukuu huachwa peke yake na chai yake. Lakini ni kweli tupu, na mara nyingi nimetamani isingekuwa kweli.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka. Watu wa mlimani waliitazama ikiiva wasijue waichume au waiache. Huku mjini, sisi tuliodhani kahawa haituhusu, tukagundua kwamba siku zote tulikuwa tukiila. Mchagga asipouza kahawa hanunui kanga. Asiponunua kanga, mwenye duka hafungui mlango. Na mwenye duka asipofungua mlango, fundi cherehani anayekaa barazani kwake anafunika mashine yake na kurudi nyumbani. Fundi huyo alikuwa mimi.

Cherehani ilikuwa kazi ya mchana tu. Roho yangu ilikuwa kwenye tarumbeta. Mtaani kwetu Majengo tulikuwa na chama chetu cha beni, ngoma ya kuiga bendi ya askari, watu wa kila asili, na kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja mwenye sharubu aliyewahi kuwa askari katika bendi ya jeshi wakati wa vita vya Mjerumani. Tulivaa suruali nyeupe na mishipi myekundu niliyoishona mwenyewe. Harusi bila sisi ilikuwa kama pilau bila nyama. Hali ilipokaza, watu wakaanza kula pilau bila nyama, kisha ikawa hata pilau yenyewe hakuna. Harusi zikafungwa kimya kimya baada ya sala ya alasiri, watu wakala tende na kwenda zao.

Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya wa wakati ule, alikuwa mtu mrefu, mkimya, na ilisemekana kwao alikuwa akipiga fidla. Kulikuwa na fedha zilizotengwa kuwapa kazi watu waliokosa kazi: kuchonga barabara, kupasua mawe, kusafisha mitaro. Yeye akaona kwamba mpiga muziki naye ni mtu aliyekosa kazi, na kwamba kumpa nyundo ni kuiharibu mikono yake bure. Sijui aliwaambiaje wakubwa zake huko juu wakamkubalia. Siku moja mpiga mbiu akapita Majengo akisema kila mwenye kujua chombo cha muziki aje bomani apimwe.

Walikuja wengi kuliko vyombo vilivyokuwepo mjini. Mchinja ng'ombe mmoja alikuja na zumari la kuazima, akaliweka mdomoni kwa upande usiopulizwa, akavimba mashavu mpaka karani akamwonea huruma na kumpeleka kwenye mawe. Sisi wa beni tulipita wote. Tulikuwa wanane. Tukapewa na vyombo vilivyokuwa vimelala stoo tangu vitani: tarumbeta, pembe za kati, ngoma kubwa, na besi moja, pembe kubwa kama ndama aliyejikunja, ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuitoa sauti. Nafasi yake ilikuwapo kwenye orodha na mshahara wake ulikuwapo. Mtu ndiye aliyekosekana.

Karani akaniangalia juu ya miwani yake. "Wewe si mtu wa Uru? Huko kwenu kanisani kuna watu wa tarumbeta. Hakuna hata mmoja anayejua hili dude?"

Nilimjua mmoja. Nilimjua tangu nilipofungua macho. Nikamjibu, "Hakuna."

Karani akaandika mstari mahali pa jina, nasi tukaenda zetu tukiwa na furaha ya watu waliopata kazi. Nilisema uongo ule kwa wepesi, kama mtu anayefukuza nzi usoni. Hasira hasara, lakini hasara yenyewe haiji siku hiyo hiyo, ndiyo maana tunaendelea kukasirika.

Mtu huyo alikuwa baba yangu. Alikuwa na kihamba cha migomba na kahawa juu Uru, na kila Jumapili alikuwa mpiga besi wa kanisa letu la Walutheri. Wamisionari Wajerumani waliwafundisha vijana wa rika lake kupuliza pembe, na wote walishika sauti za juu, lakini yeye akapewa pembe ya chini kwa sababu alikuwa na kifua na hakuwa na haraka. Mimi nami alinifundisha, kwanza kwa kikonyo cha jani la boga, ambacho kila mtoto wa mlimani hukipuliza, lakini yeye hakuniacha nipulize ovyo. Alinitaka nishike sauti moja mpaka asikie haitetemeki. Alikuwa na kanuni moja kuliko zote: wimbo ukishaanza haukatishwi. "Hata nyumba ikiungua," alisema, "maliza ubeti, kisha ukimbie." Nilipofikisha umri, akanipa tarumbeta ya kanisa, na Pasaka alfajiri tulisimama pamoja makaburini, yeye chini, mimi juu, tukiwaamsha wafu kwa mujibu wa imani yetu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na nasema hivyo nikiwa nimeoa mara mbili.

Nikashuka mjini kujifunza cherehani, na mjini nikakutana na beni. Baba aliambiwa, hakuamini. Kisha siku moja ya soko alishuka Kiboriloni kuuza mbuzi, akakuta maandamano ya harusi yanapita, na mbele yake mwanawe, na mshipi mwekundu, akipuliza tarumbeta huku wanawake wakimrushia vigelegele. Alivua kofia yake kama mtu anayepisha maiti. Tulipomaliza, akanifuata, na mbele za watu akasema: "Mdomo huo nilikupa kwa ajili ya Mungu. Usikanyage kihambani kwangu mpaka uje na isale."

Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi. Kwetu mtu aliyekosa huchuma jani lake, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Naye aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ameshika panga, ataliweka chini. Jani hupokewa kwa mikono miwili, papo hapo, na halisubirishwi. Siku hiyo hiyo au ya pili yake, mliokosana mnakaa pamoja na kunywa, mambo yanakwisha. Hakuna kitu kilicho rahisi kuliko isale, na hakuna kilicho kigumu kuliko kuinama kulichuma.

Nikamjibu kwamba nitakuja na isale siku masale yatakapoota Majengo. Nilijiona nimesema neno la kiume sana. Ikapita miaka sita. Mama alikuwa akishuka sokoni na ndizi, akiniachia mkungu kwa siri, akisema tu kwamba baba hajambo. Mimi sikuuliza zaidi. Sasa unaelewa kwa nini karani aliponiuliza nilisema hakuna.

Kazi yetu mwanzoni ilikuwa tamu kupita kiasi. Tulipiga bustanini bomani, tukapiga nje ya hospitali wagonjwa wakisogea madirishani, tukapiga sokoni. Watu waliokuwa hawana cha kununua walikaa kusikiliza, na nadhani Bwana Shauri alitaka hilo tu. Kisha nyapara wa barabara ya Uru akaenda kumwambia kwamba siku tulipopita karibu na watu wake, nyundo zao zilianza kufuata ngoma na lundo la kokoto likakua maradufu. Bwana Shauri akafurahi. Tangu siku hiyo, asubuhi tulipelekwa barabarani, tukasimama juu ya kilima kidogo, tukawapigia wapasua mawe.

Waliopasua mawe ni wale walioshindwa kupata fedha za kodi, wakiilipa kwa kazi, kundi baada ya kundi, na wengi walikuwa watu wa Uru wenyewe. Wazee, watu wenye vihamba, watu waliokuwa na heshima zao. Wasimamizi walikuwa wakipita katikati yao na fimbo za kuonyeshea, na sisi juu tukipiga mwendo wa askari. Wengine walitutania kwa Kichagga, wakidhani hakuna anayeelewa. Mmoja alisema afadhali ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hulimishwa bila kuimbiwa. Nilielewa, nikapuliza. Tarumbeta ni kitu kizuri kwa mwoga. Ikiwa mdomoni hakuna anayekudai salamu.

Masika yalikuwa yameanza, na juu kule masika si mvua tu, ni baridi na ukungu unaoingia mpaka kwenye mifupa. Jumatatu moja likaja kundi jipya, na ndani yake nikaiona kofia. Niliijua kofia ile kabla sijauona uso. Baba alikuwa amekonda. Alikaa kwenye mstari wa wazee, miguu peku, akawekewa jiwe mbele yake na nyundo ya mpini mfupi, akaanza kupiga. Akawa anakohoa. Mtu wa pembe humjua mwenzake kwa pumzi, na kikohozi kile kilikuwa kinatoka chini sana, pale pale alipokuwa akitolea sauti ya besi. Sikumwamkia. Siku ya kwanza haikuwa, ya pili haikuwa. Naye hakuinua uso, ila niliona nyundo yake haikosei mapigo hata mara moja, wakati wengine wote walikuwa wakiachwa na kurudi.

Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, watu walipokuwa wakila ndizi zao za kuchoma, baba akainuka akaja polepole mpaka alipokaa kiongozi wetu. Kiongozi wetu hakujua kwamba yule ni baba yangu. Majengo nilikuwa nimewaambia kwamba sina watu. Nilikuwa hatua tatu tu, nikijifanya nafuta tarumbeta.

"Habari za kazi, mzee mwenzangu," baba akasema. "Bendi yenu ni nzuri. Lakini haina miguu. Besi iko wapi?"

Kiongozi wetu akafurahi kupata mtu mwenye sikio. "Umenena, mzee mwenzangu! Besi ipo, imetundikwa stoo bomani. Hata nafasi yake ipo, na mshahara. Mtu ndiye hakuna. Karani alimuuliza hata huyu ndugu yetu hapa, yeye ni wa huko huko kwenu Uru. Akasema kwenu hakuna anayeijua."

Baba akageuka akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza macho yetu kukutana kwa miaka sita. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, anivue nguo pale pale mbele ya wenzangu, anitukane kwa lugha zote mbili, ningejua la kufanya. Akakohoa kwanza, akasubiri kikohozi kimwachie.

"Amesema kweli," akasema. "Hakuna."

Akarudi kwenye jiwe lake. Kiongozi wetu akaniambia, "Yule mzee ana sikio, nakwambia," akaendelea kula. Nimewahi kupigwa, nimewahi kuibiwa, nimewahi kuzika. Lakini aibu ya siku ile bado iko pale pale ilipokaa. Mtu niliyemfuta kwenye orodha aliushika uongo wangu kwa mikono yake miwili ili usianguke mbele ya watu.

Ijumaa, tulipomaliza kupiga sokoni, nikaenda kwa karani. Nikamwambia kwamba mtu wa besi yupo.

"Si ulisema hakuna?"

"Nilisema uongo."

"Ni nani?"

"Baba yangu mzazi. Yuko barabarani anapasua mawe."

Karani akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa kejeli, lakini siku ile hakukejeli. Akasema ataandika cheti, Bwana Shauri atatia sahihi, nikichukue Jumatatu asubuhi. Na baba akija nacho hatashika nyundo tena. Nikatoka pale nikiwa mwepesi. Nikapanga yote kichwani: Jumatatu nitachukua cheti, nitapanda Uru, nitachuma isale njiani, nitaingia kihambani na vyote viwili. Mkono mtupu haulambwi, nilijiambia. Nilitaka niende kuomba radhi nikiwa na kitu mkononi. Kiburi hakifi upesi. Hubadilisha nguo tu.

Jumamosi kukawa na ukungu mzito. Ilikuwa siku ya mwisho ya kundi la baba, ingawa mimi sikujua. Tulikuwa katikati ya wimbo, ule mrefu ambao tarumbeta yangu ndiyo iliyouongoza, na nyapara alikuwa amesimama chini yetu akihesabu makarai yanayopita. Nikamwona baba anaacha mstari. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu, kofia mkononi, na mkono wa pili ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Hutaelewa jambo hili mpaka uelewe kwamba baba hampelekei mtoto isale. Sijawahi kuona, sijawahi kusikia. Mtoto ndiye hukosa, mtoto ndiye huinama. Wazee wote kwenye mstari walisimamisha nyundo, kwa sababu wao walielewa walichokiona, na nyundo ziliposimama nyapara akageuka. Akapiga kelele, "Endeleeni! Wewe mzee, rudi!" Baba hakurudi. Akafika mbele yangu, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa na tarumbeta mdomoni, na wimbo ulikuwa katikati.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuacha. Nyapara alikuwepo, ndiyo. Tulikuwa wanane wenye watoto, na tulikwishaonywa kwamba tukizembea tutapewa nyundo. Lakini sitamsingizia nyapara. Kilichonishika ni kanuni ile ile ya baba. Mwili wangu ulikwishafundishwa kwamba wimbo haukatishwi, na mwili haukuuliza mwenye kanuni anataka nini siku ile. Nikafumba macho ili nisilie, kwa maana mdomo unaolia hautoi sauti. Nikamaliza ubeti, nikamaliza na wa mwisho. Nilipofumbua macho, msimamizi alikuwa amekwishamrudisha baba kwenye mstari kwa kumshika bega, na jani lilikuwa limewekwa juu ya jiwe miguuni pangu, kwa adabu, kama mtu anavyoweka chakula cha mgonjwa aliyelala.

Nikaliokota kwa mikono miwili. Baba alikuwa amenipa mgongo, anagonga. Hakuona. Nikalitia ndani ya shati langu, nikajisemea kwamba baada ya kazi nitamwendea. Baada ya kazi lori la bomani likatuchukua sisi kwanza, kwa kuwa alasiri tulikuwa na zamu bustanini, na mimi nikapanda. Nikajisemea: Jumatatu. Jumatatu nitakuja na cheti.

Jumapili nilikaa Majengo nikafua suruali nyeupe, nikang'arisha tarumbeta, nikaomba kwa kiongozi wetu ruhusa ya siku moja. Nikamweleza yote. Akazungusha sharubu yake.

"Na hilo jani," akauliza, "kwenu likishatolewa, mtu hungoja mpaka lini?"

"Halingojewi."

"Sasa unangoja nini?"

"Cheti."

Akatikisa kichwa. Alikuwa Mwislamu wa mjini, hakuwahi kupanda isale maishani mwake, na yeye ndiye aliyeona. Mimi mwenyewe wa mlimani sikuona.

Jumatatu nikapewa cheti, na sahihi ya Bwana Shauri chini yake. Nikapanda Uru kwa miguu, karibu kwa kukimbia, na jani kifuani. Isale halinyauki upesi, ndiyo maana tunalipanda makaburini. Lilikuwa bado la kijani kama lilivyochumwa. Mama alinikuta kwenye kijia cha migomba. Sikuwa nimekanyaga pale miaka sita, na migomba niliyoiacha michanga ilikuwa imenipita kwa urefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu," akasema. Hakusema kwa ukali. Mama yangu hakuwa na ukali, na siku ile ningelipa chochote ili awe nao.

Akanieleza tukiwa tumesimama. Jumamosi baba alirudi akiwa amelowa, akamwambia kwamba amempelekea mtoto isale. Mama akamuuliza kama nimepokea. Baba akasema, "Alikuwa anapiga. Nilimfundisha mwenyewe asikatishe wimbo." Akacheka, akakohoa, akasema kesho mtoto atakuja. Mama akatengeneza mtori wa ndizi. Jumapili baba hakwenda kanisani, mtu ambaye hakukosa kanisa hata siku alipozaliwa mwanawe. Alichukua kigoda akakaa pale kijia kinapoingia kihambani, ili nisione haya kupita peke yangu. Mvua ikaanza, mama akamwita, akakataa. Akamletea blanketi, akajifunika, akakaa. Kila mtu aliyepita njiani alimwamkia, naye akajibu kwamba anangoja mgeni. Alikaa mpaka giza likaanza kuingia. Alipoinuka hakuweza kunyooka.

Nilimkuta kitandani, macho wazi, homa ya mapafu imemjaa. Hakunijua. Nikapiga magoti, nikamwita, nikamwambia jani nimelipokea, nililipokea palepale, nilikuwa nimefumba macho tu. Nikamsomea cheti chote, neno kwa neno, kama mjinga: kwamba mwenye cheti hiki ni mpiga besi na apokewe katika bendi. Nikalitoa isale, nikaliweka kiganjani mwake, nikamfunga vidole juu yake. Vidole vikafunguka vyenyewe. Nikavifunga tena. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka mama akanishika mkono.

Alifariki Alhamisi adhuhuri. Ilikuwa siku ya jua, siku pekee ya jua wiki ile.

Tulimzika kihambani, karibu na masale. Watu wa tarumbeta wa kanisa walikuja wote, na besi yake wakaja nayo, wakaisimamisha chini kando ya kaburi, kwa kuwa hakukuwa na wa kuipuliza. Mzee wa kanisa akanitazama, akasema, "Wewe ni mwanawe. Shika." Hakuniuliza habari za beni wala mshipi mwekundu. Nikaiinua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Mtu wa tarumbeta hajui uzito wa besi, kama vile mtoto asivyojua uzito wa nyumba anayolala. Wakaanza wimbo nami nikaingia chini yao, na kwa ubeti mmoja nikasimama mahali pa baba, nikasikia kutoka pale alichokuwa akikisikia miaka yote ile alipokuwa akinishikilia. Ubeti wa pili nikakatika. Niliacha wimbo katikati, mara ya kwanza katika maisha yangu, siku ambayo hakuna aliyenitaka niuache. Wenzangu wakamaliza bila miguu.

Jumatatu iliyofuata nikarudi kazini, maana wanangu walikuwa wanakula. Tulipokusanyika bomani, karani akatoka na orodha mkononi. Stoo ilikuwa wazi nyuma yake, na besi ilionekana ukutani, imepanguswa vumbi. Alikuwa ameipangusa yeye mwenyewe, nilikuja kuambiwa baadaye. Akatutazama mmoja mmoja, akatuhesabu, akarudia.

"Yuko wapi," akaniuliza, "yule mtu wako wa besi?"

"Hakuna," nikasema.